Bango au jukwaa: Nani hasa ni mhusika mkuu?

Kila mwezi wa Juni uingiapo, wapenzi wa sanaa za maonyesho huelekeza macho yao New York, Marekani, ambako hutolewa tuzo za Tony kwa tamthilia na waigizaji bora wa mwaka. Tuzo hizi zilianza kutolewa mwaka wa 1947, zikapewa jina la Antoinette Perry, mwigizaji na mwelekezi aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Magazeti na televisheni hutuarifu nani ameshinda, nani amelia jukwaani na nani amevaa nini. Swali linaloulizwa na wachache ni lile linalotangulia hayo yote: ni nani aliyekata kauli kwamba mwigizaji huyu ashindanie nafasi ya mhusika mkuu, na yule ashindanie nafasi ya chini yake? Uamuzi huo, ambao hupitishwa kabla kura yoyote haijapigwa, una uzito unaokaribia ule wa kura yenyewe, na msingi wake wa kwanza si sanaa hata kidogo.

Walimu wa fasihi na wanafunzi wao wanalijua swali hili vizuri kuliko wanavyodhani. Yeyote aliyepata kusoma Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea, anaukumbuka ubishi wa darasani: mhusika mkuu ni Majoka, ambaye ndiye kigogo wa anwani, au ni Tunu, msichana anayeuongoza upinzani dhidi yake? Mwalimu mwema haukati ubishi huo kwa rungu. Humtaka mwanafunzi atoe ushahidi: ni nani anayesukuma matukio mbele, maudhui yanamzunguka nani, na je, ukimwondoa huyu tamthilia itasimama? Hakuna mtahini awezaye kumpa alama mwanafunzi anayejibu kwamba fulani ni mhusika mkuu kwa sababu jina lake limechapishwa juu kabisa ya jalada. Naam, hilo ndilo jibu linalopokelewa kwanza kule Broadway.

Kanuni yenyewe ni hii. Tuzo za Tony huhusu maonyesho ya kumbi za Broadway pekee, yaani kumbi 41 zilizoko Manhattan, ambazo kila moja sharti iwe na viti visivyopungua 500. Waigizaji hupewa tuzo nane: nne za tamthilia za kawaida na nne za tamthilia za muziki; kila kundi la nne hugawanywa baina ya wanaume na wanawake, na baina ya nafasi kuu na nafasi ya pili. Mwigizaji ambaye jina lake, katika kijitabu cha usiku wa uzinduzi, limeandikwa juu ya jina la tamthilia, huhesabiwa kuwa katika nafasi kuu. Aliyeandikwa chini ya jina la tamthilia huhesabiwa kuwa katika nafasi ya pili. Basi. Hakuna anayehesabu mistari anayoisema wala muda anaokaa jukwaani.

Mahali pa jina kwenye bango, msomaji atambue, si jambo la mwelekezi wala la mtunzi. Ni kifungu cha mkataba. Wakala wa mwigizaji hukaa mezani na mtayarishaji, wakazozana juu ya ukubwa wa herufi na nani atangulie nani, kama vile wanavyozozana juu ya mshahara. Mwenye jina linalouza tiketi hupanda juu. Asiye na jina hubaki chini hata akiwa ndiye anayeubeba mzigo wote wa onyesho. Hata istilahi yenyewe inaisaliti asili yake. Katika Kiswahili tumezoea kusema mhusika msaidizi, lakini neno la Kiingereza linalotumiwa na tuzo za Tony kwa nafasi ya pili halina maana ya kusaidia. Lina maana ya mtu aliyetengewa mahali pa kutajwa. Ni istilahi ya bango iliyohamia katika uhakiki, ikavaa joho la uhakiki, na sasa yachukuliwa kuwa hukumu ya kisanaa.

Matokeo yake wakati mwingine huchekesha. Mwaka wa 1960 Tom Bosley alishinda tuzo ya mwigizaji wa kiume wa nafasi ya pili katika tamthilia ya muziki iitwayo Fiorello! Tamthilia hiyo yasimulia maisha ya Fiorello La Guardia, aliyewahi kuwa meya wa New York. Bosley aliigiza kama nani? Kama Fiorello mwenyewe! Mwenye anwani, mwenye kisa, mwenye uchaguzi wa kushinda na kushindwa, alikuwa wa pili katika hadithi ya maisha yake, kwa kuwa Bosley hakuwa mtu mashuhuri wakati huo na jina lake lilikuwa chini.

Mfano wa Cabaret wafundisha zaidi. Mshereheshaji wa klabu ya usiku mjini Berlin, ambaye ndiye anayetufungulia tamthilia hiyo na kutufungia, aliigizwa mara ya kwanza na Joel Grey, aliyeshinda tuzo ya nafasi ya pili mwaka wa 1967. Cabaret iliporudishwa Broadway, Alan Cumming aliigiza mshereheshaji yuleyule, akashinda mwaka wa 1998 tuzo ya nafasi kuu. Ni kweli kwamba waelekezi wa baadaye waliipanua nafasi hiyo, na mtu anaweza kutetea mabadiliko hayo kwa hoja ya sanaa. Lakini mwanafunzi akiniuliza iwapo mshereheshaji wa Cabaret ni mhusika mkuu au siyo, siwezi kumjibu kwa kumwonyesha orodha ya washindi. Orodha inasema ndiyo na inasema la.

Kwa kuwa kazi yangu ni isimu, naomba niruhusiwe kulieleza jambo hili kwa sarufi. Chukua nomino kiongozi, kiboko na kipofu. Ukitazama kiambishi awali ki- peke yake, utazitia katika ngeli moja na kiti, kisu na kikombe. Lakini hakuna Mswahili asemaye "kiongozi kimefika". Husema "kiongozi amefika", na "viongozi wamefika". Wanasarufi wa zamani walizipanga nomino kwa kutazama viambishi awali vyake. Katika shule zetu leo tunazipanga kwa upatanisho, yaani kwa kazi ambayo nomino inafanya ndani ya sentensi na jinsi inavyoyatawala maneno mengine. Ndiyo maana kiongozi, licha ya umbo lake, yumo katika ngeli ya A-WA. Kanuni ya bango huko Broadway ni kanuni ya kiambishi awali. Humtazama mwigizaji kwa herufi zilizotangulia mbele yake, badala ya kumtazama katika sentensi ya jukwaa na kuuliza: ni nani anayepatanishwa na nani?

Mara nyingi, hapana shaka, kiambishi na upatanisho huafikiana. Mwaka wa 2016 Wakenya tulifurahi Lupita Nyong'o alipoteuliwa kuwania tuzo ya mwigizaji wa kike wa nafasi kuu kwa kazi yake katika Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake waliotekwa katika vita vya Liberia. Jukwaani walikuwa wanawake watano. Wenzake wawili, Pascale Armand na Saycon Sengbloh, waliteuliwa kuwania tuzo ya nafasi ya pili. Wapo watakaosema Lupita alikuwa na jina kubwa tangu aliposhinda Oscar mwaka wa 2014. Alikuwa nalo. Hata hivyo nafasi yake, ya msichana wa miaka kumi na mitano anayejaribu kuchagua baina ya utumwa wa kambini na bunduki, ndiyo inayouongoza mwendo wa tamthilia. Hapo tungesema "kitabu kimeanguka" na kila kiungo kingekuwa mahali pake.

Shida huja pale visipoafikiana. Wenye tuzo hawakulala. Waliunda kamati ya usimamizi ambayo hukutana mara kadhaa katika msimu, na ambayo ina mamlaka ya kumhamisha mwigizaji kutoka nafasi moja hadi nyingine bila kulijali bango. Aghalabu watayarishaji wenyewe ndio wanaopeleka ombi: huyu wetu yuko juu, lakini twaomba ahesabiwe wa pili, au huyu yuko chini, twaomba apandishwe. Nia zao huwa zimechanganyika. Mtayarishaji mwenye waigizaji wawili hodari anaweza kuogopa kwamba wakishindana wao kwa wao kura zitagawanyika. Katika Hamilton, mwaka wa 2016, Leslie Odom Jr. na Lin-Manuel Miranda waliteuliwa pamoja katika nafasi kuu, mmoja akiwa Burr na mwingine Hamilton, na Burr ndiye aliyemshinda Hamilton. Hapo kura hazikuwadhuru wote wawili. Si kila mtayarishaji ana moyo wa kujaribu bahati hiyo, maana tuzo ya Tony ni tangazo la biashara linalouza viti kwa miezi mingi.

Sasa tutazame ni nani wanaokaa katika kamati hiyo. Ina wajumbe 24. Kumi huteuliwa na American Theatre Wing, shirika lililoziasisi tuzo. Kumi huteuliwa na Broadway League, ambacho ni chama cha watayarishaji na wenye kumbi. Na wanne waliobaki hutoka, mmoja mmoja, katika vyama vya watunzi, waigizaji, wabunifu wa mandhari na waelekezi. Chama cha waigizaji kina kiti kimoja kati ya 24. Sidai kwamba wajumbe hao hupendelea. Ninachosema ni kwamba mtu ambaye uamuzi unamhusu zaidi ndiye mwenye sauti ndogo zaidi katika kuufikia, na kwamba anayeweza kuleta ombi kwa wepesi ni yule aliyekwisha kuandika bango.

Jambo linalokaba koo zaidi ni la nafasi inayobebwa na watu zaidi ya mmoja. Mfano wa kale na wa fahari kwetu Waafrika ni wa John Kani na Winston Ntshona wa Afrika Kusini, waliopeleka Broadway tamthilia mbili walizozitunga pamoja na Athol Fugard, Sizwe Banzi Is Dead na The Island. Katika The Island wafungwa wawili wa Robben Island wanajiandaa kuigiza kisa cha Antigone mbele ya askari wao. Ni nani mkuu pale na ni nani wa pili? Swali halina jibu, na heri halikulazimishwa kujibiwa. Mwaka wa 1975 Kani na Ntshona walipewa kwa pamoja tuzo moja ya mwigizaji bora wa kiume, kwa tamthilia zote mbili. Kadhalika mwaka wa 1998 Emily Skinner na Alice Ripley, walioigiza mapacha walioungana miili katika Side Show, waliteuliwa kama mtu mmoja, ingawa hawakushinda.

Basi likaja suala la watoto. Sheria na busara haziruhusu mtoto aubebe mzigo wa maonyesho manane kwa wiki, hivyo watoto kadhaa hupokezana nafasi moja, kila mmoja usiku wake. Mwaka wa 2009 wavulana watatu waliopokezana nafasi ya Billy Elliot, yaani David Alvarez, Trent Kowalik na Kiril Kulish, walihesabiwa pamoja katika nafasi kuu, wakashinda. Miaka minne baadaye wakaja wasichana wanne waliopokezana nafasi ya Matilda. Tamthilia ya muziki yenye jina la msichana, hadithi ya msichana, na msichana huyo karibu haondoki jukwaani. Kamati ikaamua wasiingizwe katika mashindano kabisa. Walipewa heshima ya pekee, nje ya mashindano.

Na ajabu iko hapa: mwaka mmoja kabla ya hapo, London, tuzo za Olivier zilikuwa zimewapa wasichana wanne wa Matilda ya Uingereza tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamthilia ya muziki. Tamthilia ni ileile, nafasi ni ileile, mtindo wa kupokezana ni uleule. Upande mmoja wa bahari wasichana ni wahusika wakuu na washindi. Upande wa pili hawana ngeli. Kamati inaweza kuwa na hoja yake, kwamba si haki mpiga kura amhukumu mtoto ambaye hakumwona usiku aliokwenda. Ni hoja nzito. Lakini ilikuwa na uzito uleule mwaka wa 2009, na haikuwazuia wavulana watatu.

Waingereza wamekwenda mbali zaidi. Mwaka wa 2022 tuzo ya Olivier ya mwigizaji wa kiume wa nafasi ya pili ilitwaliwa na watu saba, ambao wote walimwendesha kikaragosi mmoja: chui milia wa Life of Pi. Miongoni mwa hao saba walikuwamo wanawake. Msomaji asidhani kioja hicho ni cha leo. Mwaka wa 1960 watoto wote saba wa The Sound of Music waliteuliwa kwa pamoja na kamati ya Tony kuwania tuzo ya mwigizaji wa kike wa nafasi ya pili, na wawili kati yao walikuwa wavulana. Ngeli ikishakuwa nyembamba, watu huingizwa humo kwa kusukumwa.

Hilo latuleta kwenye mgawanyo wa wanaume na wanawake, ambao leo ndio unaozusha mjadala mkali kuliko yote. Mwaka wa 2023 J. Harrison Ghee na Alex Newell, ambao hawajitambulishi kuwa wanaume wala wanawake, walikubali kuwania katika orodha ya wanaume na wakashinda wote wawili, Ghee katika nafasi kuu na Newell katika nafasi ya pili. Mwaka huohuo Justin David Sullivan wa & Juliet aliona hakuna orodha inayomfaa, akajiondoa. Tuzo za Drama Desk, zinazotolewa papo hapo New York, ziliiondoa migao ya jinsia mwaka wa 2023. Badala yake kila kundi likawa na wateuliwa maradufu na washindi wawili. Tony na Olivier bado zimeshikilia mgao wa zamani.

Kiswahili hakina tatizo la jina hapa. Mwigizaji ni mwigizaji. Kiambishi a- kinamtosha kila mtu, na tukitaka kutenganisha sharti tuongeze maneno "wa kike" au "wa kiume". Lakini nisije nikaifanya sarufi kuwa hakimu. Kukosa jinsia katika viwakilishi vyetu hakujawazuia wanaume wanaokizungumza Kiswahili kuwanyima wanawake nafasi. Wanaotetea mgao wana hofu ya maana: tamthilia nyingi zimeandikwa kuhusu wanaume, na orodha moja isiyo na mgao inaweza kuwameza wanawake bila ya yeyote kukusudia. Njia ya Drama Desk yanielekea kuwa bora, kwa sababu haikupunguza viti. Ilivunja ukuta bila kuuza nyumba. Anayetaka kuondoa mgao huku akibakiza tuzo moja badala ya mbili namshuku.

Mambo haya hayako mbali na shule zetu. Katika Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu, mwalimu aliyeiandaa tamthilia ya shule yake huwaona wanafunzi wake wakipimwa kutoka ngazi moja hadi nyingine mpaka taifa. Sisi hatuna bango la majina makubwa, na hiyo ni neema. Lakini tuna masimulizi ambamo mtambaji mmoja huwa wahusika sita, tuna ushairi unaokaririwa na kundi zima kwa sauti moja, na tuna michezo ambayo mfalme wa kwenye kiti hasemi lolote ilhali mjakazi wake ndiye anayeisukuma hadithi. Tuna pia jambo linalojulikana na kila mwalimu wa drama: mwanafunzi ambaye amecheza vizuri katika kaunti, akaugua kabla ya ngazi ya kanda, na mwenzake akashika nafasi yake kwa mazoezi ya siku nne.

Broadway ilikumbana na hilo mwaka wa 1970. Dean Jones aliondoka katika Company muda mfupi baada ya uzinduzi, na Larry Kert akaichukua nafasi kuu. Kwa desturi mrithi hahesabiwi, kwa kuwa usiku wa uzinduzi ndio unaotazamwa. Kamati iliivunja desturi yake, na Kert akateuliwa kuwania tuzo ya mwaka wa 1971. Yeye alikuwa na kamati iliyokutana na kuandika uamuzi wake. Wanafunzi wetu wawili, aliyeugua na aliyemrithi, wanastahili kujua kabla ya mazoezi ya mwaka ujao kuanza ni jina la nani litakaloandikwa kwenye cheti, au iwapo ni yote mawili, na mahali pa kuliandika hilo ni katika mwongozo unaopelekwa shuleni, si katika chumba cha waamuzi baada ya pazia kufungwa.